Mwaka Tuliopalia Kioo

Habari ya msiba aliniletea shangazi mwenyewe, hadi dukani, viganja bado vina unga wa maandazi. Akasimama mlangoni akasema, "Tatu, Mzee Bakari wa Mbwera hatunaye tena. Baba yake Zuhura." Nikasema inna lillahi, nikaendelea kudurufu karatasi za mteja, halafu mteja akaniambia dada, mbona unanitolea kurasa tupu. Nilikuwa nimeziweka kinyume. Si kwamba yule mzee nilimjua sana. Nilimwona siku moja tu maishani, siku ya wazazi pale shuleni, na siku hiyo sijawahi kuitoa kichwani. Nina miaka ishirini na tatu. Najua watu watasema kumbukumbu za maisha ni mambo ya wazee, kaa kwanza, ishi, utaandika baadaye. Mimi kukaa na kungoja sikujaliwa, na humu ndani utaona hilo limeharibu nini. Kwa hiyo naandika sasa, kabla sijapanda boti kwenda msibani na kabla sijarudi, nitamalizia nikirudi.

Mwaka wenyewe ni ule wa kidato cha tatu. Mimi na Zuhura tulilala chumba kimoja, uani kwa shangazi yangu hapa Kibiti, ukuta mmoja wa tofali, mwingine wa mabati, kitanda cha futi tano na chandarua chenye viraka vya rangi tatu. Shule yetu ya kata haikuwa na bweni, na wasichana wa kutoka vijiji vya delta, kama Mbwera, ilibidi wapate nyumba ya kukaa. Yeye alipewa kwetu. Kila mwanzo wa muhula alitumiwa gunia la mchele na kamba wakavu kwa gari linalotoka Nyamisati, na wale kamba waliwekwa chini ya kitanda, upande wangu. Nikilalamika harufu alikuwa anasema, "Shoga, vumilia, ndio wanaokupa ubavu huo." Na kweli tulikula. Shangazi alikuwa anawatwanga anawatia kwenye kisamvu cha nazi, tunakula na ugali, mikono mitatu sinia moja, na shangazi anasema usichote kwa mwenzio, kila mtu na mbele yake. Mpaka leo nikila kisamvu nasikia zile sauti za uani, kuku, redio ya jirani, na Zuhura akicheka mdomo umejaa.

Kioo kilikuja na Mwalimu Seif wa kemia. Alikuwa kijana, anatembea kama mtu aliyeachwa na gari. Rafiki yake aliyesoma naye alikuwa Dar chuoni anatengeneza vioo vya aina yake, akampa kopo la pipi lenye vipande vidogo, vya mraba kama halua iliyokatwa. Akatuambia tuzibe madirisha ya maabara kwa khanga. Maabara ile ilikuwa na masinki yasiyo na maji na fuvu la ng'ombe, basi. Giza lilipoingia akawasha kale kakurunzi ka zambarau ka madukani, ka kukagulia noti za bandia. Kile kioo, ambacho mchana ungeona ni kioo tu cha dirisha, kikatoa wekundu. Si mwingi. Wekundu wa kaa linalokaribia kuzimika. Lakini darasa zima lilisema aaah.

"Humu ndani kumetiwa chembe kidogo za madini yanaitwa yuropiamu," akasema. "Hizo ndizo zinazokula mwanga wa zambarau na kuurudisha mwekundu. Sasa hivi zimekaa vibaya, zimebanwa ovyo ovyo, mwanga mwingi unapotelea humo humo unageuka joto. Ukikipasha kioo kwa moto wa kiasi, muda mrefu, ndani yake zinaota fuwele ndogo mno, huzioni kwa jicho, na zile chembe zinapata mahali pa kukaa. Hapo mwanga unaongezeka. Ukizidisha moto, fuwele zinanenepa, kioo kinakuwa cheupe kama maziwa, na chembe zinarundikana zinaanza kunyang'anyana mwanga."

Mvulana mmoja nyuma akasema, "Kama bweni, sir."

"Kama bweni ambalo hatuna," mwalimu akamjibu. Tukacheka. Kisha akasema ukweli wake: chuoni wana tanuri la umeme la kupasha, sisi hatuna, na yeye anataka tupeleke kitu siku ya wazazi, kwa hiyo nani ana wazo. Zuhura, ambaye darasani alikuwa hasemi mpaka aitwe jina, akanyanyua mkono. "Sir, kwani hatuwezi kupalia?"

Walicheka mpaka walimu wa ofisi ya jirani wakachungulia. Kupalia, mtu wa pwani gani hajui, ni wali. Maji yakikauka unapunguza moto wa chini, unaweka makaa juu ya kifuniko, unauacha. Moto unakuja kidogo kidogo, juu na chini, punje inaiva bila kuungua. Mwalimu naye alicheka. Halafu akaacha kucheka, akauma kalamu, akasema, "Rudia."

Basi jiko la shangazi likawa maabara. Tulitumia chungu kidogo cha udongo, ndani mchanga laini, vipande vya kioo juu ya mchanga, kibia juu, yaani kile kifuniko cha udongo, na makaa juu na chini. Shida ilikuwa kujua moto umefika wapi. Kipimajoto cha shule kingepasuka mapema. Mwalimu akatuambia kila chuma kina joto lake la kuyeyuka na hakikosei, tafuteni vyuma viwili. Zuhura akaandika kwao Mbwera atumiwe chubwi, vile vipande vya risasi vinavyotiwa kwenye nyavu zizame. Mimi nikakata kipande cha sufuria ya shangazi iliyotoboka. Chubwi inayeyuka mapema, sufuria inachelewa sana, na joto tulilolitaka lipo katikati yao. Zuhura akatoboa tundu kwenye kibia, anapitisha waya, anadokoa. Chubwi imelainika? Sufuria bado ina makali yake? Anapunguza kaa moja, anasogeza jingine, kama mtu anayepanga kete za bao. Tangu alasiri mpaka isha, hivyo. Halafu anafukia chungu chote kwenye majivu kilale, kipoe polepole, hakuna kufunua mpaka asubuhi, maana kioo kikipata baridi ghafla kinapasuka.

Mimi nilifunua. Mara ya kwanza, na mara ya pili. Nilikuwa siwezi, nasikia kama kuna mtu ananiita humo ndani. Mara zote mbili, tak, vipande vikapasuka mbele ya macho yetu. Zuhura hakugomba. Mara ya tatu alikuja na kibao cha mbuzi, akakiweka mbele ya jiko, akakikalia. "Tatu, gusa hicho kibia nikuvunje vidole."

Huku uani tulikuwa tunasikia shangazi na Mama Shabani, jirani wa uzio, wakitujadili kama hatupo.

"Mwenzangu, hao watoto wanapika nini kila siku hakiivi?"

"Kioo."

"Kioo! Watakila na nini?"

"Na mchuzi wa mkaa wangu."

"Aka! Yule wa delta mbona anakaa jikoni kuliko wewe mwenye nyumba? Usije ukaambiwa umemfanya kijakazi mtoto wa watu."

Hilo la mwisho shangazi alilichekea. Lakini maneno ya uzioni yana miguu. Sijui yalipita kwa nani, yakafika Mbwera.

Mara ya tatu ile, asubuhi, tulijifungia chumbani, tukaziba dirisha kwa shuka, tukawasha kakurunzi. Niseme tu kwamba niliiona mistari ya kiganja changu kwa mwanga wa kile kipande. Kile ambacho hakijapashwa tulikiweka pembeni yake na kilionekana kama kimekufa. Zuhura alikaa kitandani, kisha akaanza kucheka peke yake, akajifunika uso na ushungi. Tukapeleka kwa Mwalimu Seif, naye akavituma vipande vyote vizuri kwa rafiki yake Dar vikapimwe na mashine, akatuambia siku ya wazazi tutapasha vingine, njia si tunayo? Njia tulikuwa nayo. Ilikuwa kichwani kwa Zuhura.

Wiki ya mwisho kabla ya siku ya wazazi baba yake akapiga simu. Zuhura alikuwa na mikono ya masizi, akaniambia bonyeza spika. Sauti ya mzee ilikuwa ya taratibu, haikuwa ya hasira, na ndiyo iliyonitisha. "Zuhura mwanangu. Nimeambiwa unashinda jikoni kwa watu." Akajibu, "Baba, ni kazi ya shule." "Sawa. Siku ya wazazi nakuja mwenyewe. Kama ni masomo utakaa mpaka umalize, nami sitasikiliza la mtu. Kama ni jiko, jiko lipo kwetu, na mpunga hauna wa kuuvuna. Umenielewa?" "Nimekuelewa baba." Simu ikakata. Zuhura akaniangalia akasema, "Akikiona kinawaka, yamekwisha." Yaani mambo yake yote, kidato cha nne, na hata ule uuguzi aliokuwa anauota, yalikuwa kwenye kile chungu. Na mimi nilijua. Nataka hilo liandikwe hivyo hivyo, nilijua.

Siku ya kuamkia sherehe tulichelewa kuwasha, mvua ilinyesha, mkaa ukalowana. Zuhura aliitwa shuleni kupanga viti, akaniachia chungu. "Dokoa tu, usiongeze kitu. Nakuja." Nikadokoa. Chubwi bado ngumu. Nikadokoa tena, na tena. Wenzetu walikuwa wameshamaliza kazi zao, wengine wanasukana nywele, na mimi nimekaa nalindana na chungu. Nikasema huu moto umelala. Kama moto mdogo unaleta mwanga, mkubwa utaleta zaidi, na tutamaliza mapema. Kulikuwa na vifuu vya nazi pembeni. Mwenye kujua jiko anajua kifuu kikiwaka ni moto wa shetani. Nikavimwaga vyote, juu na chini, nikapepea. Zuhura aliporudi vilikuwa vimeshakuwa majivu, akadokoa kwa waya akaniuliza, "Mbona sufuria siisikii?" Nikasema labda imesogea. Akadokoa tena. Tukafukia, tukalala.

Asubuhi tukafunua haraka haraka, sare tayari mwilini, watu wanaingia uwanjani. Kipande cha sufuria kilikuwa tone. Na vioo vilikuwa vyeupe, vyeupe kama nyama ya nazi. Zuhura alikiweka kimoja kiganjani, akakigeuza. "Umetia vifuu," akasema. Si swali. Nikasema labda kitawaka tu, twende, tumechelewa. Mwalimu alikuwa amenichagua mimi niongee kwa sababu nina mdomo, na Zuhura ashike kakurunzi.

Maabarani Mzee Bakari alikuwa amekaa mstari wa mbele, kanzu ya kijivu, kofia ya mkono iliyofuliwa vizuri, viatu vina tope la Nyamisati. Alikuwa ameondoka kwao kwa boti, maji ya alfajiri yalipojaa, ili awahi. Nikamwamkia shikamoo baba, akasema marahaba mwanangu, akatabasamu. Khanga zikafungwa madirishani, nikaanza kumimina maneno, yuropiamu, fuwele, mionzi, nusu yake sikuyaelewa mwenyewe, nikasema na sasa mtaona maajabu, Zuhura washa. Akawasha. Kulikuwa na wekundu kidogo, ukungu wa wekundu, ambao ungeuona kama umeambiwa uutafute. Mtu akasema, "Ndiyo hiyo?" Mwingine akasema, "Taa ya choo kwangu inaishinda." Wakaangua kicheko, kile cha wazazi waliochoka kukaa. Khanga zikafunguliwa, jua likaingia, na mimi nimesimama pale nimeshika kipande cheupe kama mtu anayeuza chaki.

Mzee Bakari hakucheka. Alinyanyuka, akasogea mpaka mezani, akamuuliza Zuhura kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe katika hii kazi ulifanya nini?"

Zuhura akafungua mdomo. Alikuwa mtu wa kupanga neno kabla ya kulitoa, anameza mate kwanza. Ilikuwa ni kungoja tu. Lakini watu walikuwa wananitazama, uso unaniwaka, nataka yule mzee aondoke, nataka ile meza ifunikwe, nataka liishe. Nikamjibia. "Yeye alikuwa anatunza moto."

Sikusema uongo. Ndiyo maana linanichoma. Kila kitu katika ile kazi kilikuwa moto. Kioo tulipewa, kurunzi tuliazima, maneno nilikariri. Lililokuwa letu ni kujua joto gani, muda gani, kioo kipoe vipi, na hilo lilikuwa la Zuhura peke yake. Ningeweza kusema, baba, huyu ndiye aliyeipata njia, mimi ndiye niliyeiharibu jana. Nilisema neno moja la kweli kwa namna ambayo mzee wa Mbwera, aliyeambiwa bintiye kafanywa kijakazi, angelisikia kwa maana moja tu. Akatikisa kichwa taratibu. "Moto," akasema. "Haya." Akamwambia Zuhura akachukue vitu vyake. Mwalimu Seif alimkimbilia mpaka getini, anaeleza, anachora hewani kwa mikono, na mzee akamsikiliza hadi mwisho kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "mimi nimeuliza, na wenyewe wamenijibu."

Zuhura alikunja nguo zake kitandani kwetu bila kunitazama. Shangazi alilia, akamfungia maandazi. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa kikwazo, akasema samahani, nikampisha. Muhula uliofuata Mwalimu Seif alikuja darasani na karatasi kutoka Dar, ile mashine imeonesha mwanga wa vipande vya mara ya tatu umepanda vizuri sana, rafiki yake anauliza nani aliyevipasha na kwa tanuri gani. Darasa likapiga makofi. Wakanigeukia mimi kwa sababu nilikuwa nimebaki mimi. Nikasimama. Mwalimu akaniambia kaa, akasema jina la Zuhura, akaufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Hayo niliyaandika kabla ya kupanda boti. Sasa nimerudi, namalizia.

Njia nzima kwenye mifereji ile, mikoko huku na huku, mashine ya boti inapiga kelele, nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, yana mwanzo na mwisho. Nilimkuta uani, kwenye mkeka, na wanawake wa kwao, wanachambua mchele wa hitima. Ana watoto wawili, mdogo alikuwa amelala mgongoni. Amenenepa kidogo, sauti ni ile ile. Nikasema pole na msiba. Akasema nimeshapoa. Mama mmoja mtu mzima akamuuliza, "Zuhura, mgeni wetu nani huyu?" Akajibu, "Tumesoma wote, bibi. Nililala kwao." Bibi akasema, "Ehe, kwa hiyo ni wa nyumbani, mpeni maji."

Nikanywa maji. Wale wanawake walipoinuka kwenda kutazama vyungu nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikasema, "Zuu, ile siku ya wazazi..."

"Usiseme," akasema. Hakupandisha sauti, aliendelea kutoa vijiwe. "Ukisema itabidi nikujibu si kitu. Watu wote wanakuja hapa na maneno yao, nami nawajibu si kitu, si kitu, tangu juzi. Hilo sitaki kulijibu hivyo."

Mtoto aligeuza kichwa mgongoni kwake, akalala tena. Zuhura akasukuma ungo ukawa katikati yetu, akaniambia nianzie upande wangu. Tukachambua mpaka adhana ya alasiri. Hakusema si kitu.